Zamu ya Kola

Kwa mujibu wa kola yake, Mchungaji Anangisye Mwakatobe wa Usharika wa Isangilo alikuwa na mimba ya miezi mitano, siku za Jumanne tu.

Niliisoma taarifa hiyo mara tatu, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma mara ya nne. Mchungaji Mwakatobe ninamfahamu kwa sura. Ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mgane, mwenye ndevu za mvi na sauti ya kuwaamsha waliosinzia viti vya nyuma. Jumatano hakuwa na mimba. Jumatano alikuwa na presha ya mzee wa miaka themanini. Alhamisi alikuwa na mapafu ya mvuta tumbaku, Ijumaa jasho lake lilikuwa na dawa ya malaria, na Jumamosi alikuwa kijana kabisa. Siku zote hizo rangi yake ilikuwa moja: kijani.

Wiki mbili kabla ya hapo Baba Askofu alikuwa ameniita ofisini kwake. "Mama Sekela," akasema, "huyu Mwakatobe ana siri gani? Mkewe tumemzika juzi juzi tu, na kola yake ni kijani miezi mitano mfululizo. Hakuna mwingine katika dayosisi nzima. Nenda ukajifunze kwake, uje uwafundishe wenzake." Nami, mpimaji wa kola za dayosisi, mtu mzima na vyeti vyangu, nilikuwa nimeshanunua daftari jipya la kwenda kujifunzia.

Kola hizo nilishiriki kuzileta. Ulikuwa mwaka ule ambao wachungaji wetu wanne walianguka mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alishuka madhabahuni katikati ya harusi, akaenda nyumbani, akalala siku kumi na moja, bwana harusi na bibi harusi wakabaki wameshikana mikono. Halmashauri ikapitisha Waraka wa Kola. Ni ukanda ule ule mweupe wa shingoni, ila ndani yake umepita uzi mwembamba unaosoma mapigo ya moyo, pumzi, jasho na mtetemo wa sauti. Hausikii maneno. Hilo tulilipigania, maana mchungaji hubeba siri za watu. Unatoa rangi tu. Kijani, mwenyewe yuko salama. Njano, aongezewe usingizi. Ikiwa nyekundu siku saba, anapelekwa Nyumba ya Pumziko kule ziwani kwa miezi mitatu, na kwa mujibu wa kifungu cha saba harudishwi tena katika usharika uliomchosha.

Kifungu cha saba nilikiandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Kitu kimoja hatukukiweka, nacho ni kufuli la mwenye kola. Mafundi walituuliza, "Je, akivaa mtu mwingine?" Tulicheka kikao kizima. Nani duniani atatamani kuvaa kola ya mchungaji?

Sasa mtambo wa ofisi ulikuwa umepata toleo jipya, linalolichambua jasho kwa undani kuliko lile la zamani, na ndilo lililoiona mimba. Dosari ya namna hiyo mtambo huipa siku moja. Mpimaji asipoijazia maelezo kabla ya saa kumi jioni, inapanda yenyewe makao makuu, na ikishapanda hakuna wa kuishusha. Nikatazama saa. Ilikuwa saa moja asubuhi, siku ya Jumanne.

*

Gari la dayosisi linajiendesha lenyewe, na lina akili nyingi kuliko ujasiri. Lilipofika kwenye tope la Isangilo lilisimama, likaniambia kwa sauti tamu kwamba litasubiri barabara. Nikavua viatu, nikakunja sketi, nikapanda kilima kwa miguu katikati ya mashamba ya chai huku mvua ya manyunyu ikinilowesha, nikimnung'unikia kila aliyehusika.

Kanisani kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya kina mama. Niliketi kiti cha nyuma nikasikiliza. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke kijana, mrefu, tumbo limeanza kumtangulia, na shingoni amejifunga mtandio ingawa jasho lilikuwa likimtoka. Mtandio ulikuwa mwepesi. Kila alipoinua mikono kuwapa sauti ya kwanza, kitu kidogo cha kijani kiling'aa chini ya kidevu chake.

Walipomaliza nikamwendea.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Asifiwe sana, mama. Karibu Isangilo. Mimi naitwa Lugano."

"Hongera, Lugano. Miezi mitano?"

Alishika tumbo, akacheka kwa haya. "Mama, umejuaje? Hata mama mkwe bado hajapiga hesabu."

"Nimeletewa taarifa na Mchungaji wako."

Kicheko kikamkauka. Mkono ukatoka tumboni ukaenda shingoni. Kabla hajasema neno, kutoka mlango wa sakristia ikaja sauti ya mwanamke mwingine, nzito, isiyo na haraka.

"Lugano, kaa chini. Vuta pumzi. Usishtuke, utaibadilisha rangi."

Ndivyo nilivyokutana na Mama Tusajigwe, katibu wa wazee wa kanisa. Alikuwa mfupi, mpana, ameshika ufagio, na alinitazama kama mtu anayepima kama nitaingia kwenye gunia au nitazidi.

"Wewe ndiye mpimaji wa dayosisi," akasema.

"Ndimi."

"Tulikutegemea miezi mitatu iliyopita. Umechelewa. Njoo unywe chai."

*

Chai ilikuwa sakristia, na ndizi za kuchemsha kando yake. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko safi: ZAMU YA MAUA YA MADHABAHUNI. Jumatatu Mama Tusajigwe, Jumanne Lugano, Jumatano Mzee Ambokile, na kadhalika mpaka Jumapili. Watu saba. Nilikuwa nimetoka kanisani na kwenye madhabahu nimeona maua ya plastiki yenye vumbi la mwaka jana.

"Nani alianza?" nikauliza.

"Mimi. Na sikuanza kwa ubaya." Akanimiminia chai. "Siku ya kumi baada ya kumzika Mama Mchungaji, nilimkuta hapa hapa unapokaa. Kanzu ameivaa mkono mmoja, mkono wa pili uko nje. Ibada ilikwisha saa tano, na mimi nimeingia saa nane. Yuko vile vile. Kola inawaka njano. Unajua hapa kwetu kina mama ndio tunaofua mavazi ya Mchungaji. Nikamwambia, Mchungaji, lete hiyo kola nikaifue. Akanipa, hakusema kitu."

"Ukaifua."

"Kwa sabuni ya kipande. Sasa maelekezo yenu yanasema isikae bila shingo zaidi ya saa mbili, itapiga kelele ofisini kwenu. Nikaivaa mimi, isije ikawasumbua. Mama, ikawa kijani! Nikaenda nayo kuchuma mboga, kijani. Nikagombana na jirani yangu kwa ajili ya mbuzi wake, kijani."

"Hata ulipogombana?"

"Mimi nikigombana ndipo napumzika."

Lugano alificha uso kwenye mtandio. Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na kila haki ya kukasirika, ila midomo yangu ilikuwa inanisaliti.

"Nimepima majani ya chai kiwandani miaka thelathini," Mama Tusajigwe akaendelea. "Najua jinsi watu wanavyoudanganya mzani. Mwingine analowesha majani, mwingine anaficha jiwe chini ya kikapu. Mzani haumjui mtu, unajua uzito tu. Tukasema, Mchungaji huyu amezika wazazi wetu, amebatiza watoto wetu, amesuluhisha ndoa zetu mpaka zile zisizofaa kusuluhishwa. Ikifika nyekundu watamchukua. Na wakimchukua hawamrudishi, kwa sababu ya hicho kifungu cha saba." Alikitamka kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji. "Aliyekiandika kifungu kile hakuzaliwa na mama."

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa ya moto, nikaimeza hivyo hivyo.

"Mzee Ambokile anafaidika," Lugano akasema, akitaka kuniliwaza. "Mama, huyu mzee alikuwa anatukana hadi kuku. Sasa Jumatano hasemi neno baya, anaogopa rangi. Mkewe ameomba apewe na Alhamisi."

Nilicheka. Nisingeweza kufanya vinginevyo. Nilipomaliza kucheka nikauliza swali lililokuwa limenileta.

"Na Mchungaji mwenyewe, hali yake ikoje?"

Wakatazamana.

"Anahubiri," Lugano akasema.

"Anazika, anabatiza," Mama Tusajigwe akaongeza. "Amekonda kidogo."

"Mmemuuliza?"

Mama Tusajigwe alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza iwapo amewahi kumnyonyesha askofu. "Kumuuliza nini, mama? Mchungaji ndiye anayeuliza."

*

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi vibaya mno. Nusu ya kiazi ilikuwa inakwenda na ganda. Shingoni alivaa kola aliyoikata kwenye chupa ya sabuni ya maji. Kwa ndani bado zilionekana herufi mbili za buluu. Shati lilikuwa limemzidi. Mama Tusajigwe alisema kidogo, na hakikuwa kidogo.

"Mchungaji, shikamoo. Habari za hapa?"

"Marahaba, mama! Karibu, karibu. Habari za safari? Umelowa. Miguu hiyo, pole sana."

"Nimeshapoa. Wewe hujambo?"

"Mungu ni mwema. Baba Askofu hajambo? Mgongo wake je?"

"Unamsumbua. Na wewe usingizi unapata?"

"Tunashukuru. Na watoto wako, wako wangapi mama? Wanasoma?"

Mara tatu nilimuuliza, mara tatu akanirudishia swali, kwa upole, kwa ustadi, na kila swali lake lilikuwa la kweli. Angenisikiliza habari za watoto wangu mpaka jioni. Ustadi huo naujua tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mchungaji, naye aliwauliza watu hali siku nzima, halafu akarudi nyumbani akala bila kusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na mbili siku alipomweka mtoto wa watu kando ya maji ya ubatizo, akatoka kanisani, akaenda kukaa katikati ya shamba la mahindi. Walimpumzisha wiki tatu wakamrudisha pale pale, kwa watu wale wale, ambao walimsalimu wakinong'ona. Hakuhubiri tena. Alinyamaza miaka tisa, kisha akafa. Mganga hajigangi, watu walisema msibani, wakala wakaondoka. Kifungu cha saba kilizaliwa siku ile.

Sikumuuliza Mchungaji Mwakatobe mara ya nne. Nilivuta gogo nikakaa, nikachukua kisu cha pili, nikamenya. Tulimenya kiazi cha tatu, cha nne, cha tano. Mvua ilikuwa imekatika. Nyuma ya migomba niliona kaburi lililosakafiwa, na juu yake glasi ya maua mabichi. Kumbe maua ya Isangilo yalikuwa yanakwenda huko.

"Yamebaki mawili," akasema.

Nikaendelea kumenya.

"Mahubiri. Mke wangu Subilaga alikuwa anasahihisha mahubiri yangu yote. Miaka thelathini na moja, kwa penseli." Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa daftari mfukoni mwa koti, akanifungulia. Pembeni mwa mistari yake mizito palikuwa na mwandiko mdogo, mkali. *Hapa unajisifu.* *Hapa hakuna atakayeelewa, hata mimi.* *Kata. Watu wana njaa.* "Tangu aondoke sijaandika hata mstari. Nasoma yaliyomo humu, ya mwisho aliyoyapitia; madaftari ya nyuma yaliliwa na mchwa. Nilipoanza yalikuwa mengi. Sasa yamebaki mawili, na baada ya hapo sijui nitasimama na nini."

Sauti ya kuwaamsha waliosinzia ilikuwa imeisha kabisa. Aliongea kama mtu aliye mgonjwa kitandani.

"Unalala?"

"Nalala saa tisa, naamka saa kumi na moja."

"Unakula?"

Akatazama viazi vyake. "Sijui kupika, mama. Naona aibu kusema. Wananiletea chakula, nakishukuru, nawapa majirani. Hakipiti."

"Na hii habari ya kola?"

Alifumba macho. "Kila Jumapili nasimama nawaambia watu waseme kweli, na mbele yangu amekaa kijana wa watu amevaa uongo wangu shingoni. Ningewakataza. Lakini uwaone, mama, jinsi wanavyofurahi. Wanadhani wananibeba. Sikuwa na nguvu ya kuwanyang'anya furaha hiyo." Akafumbua macho. "Ukinipeleka ziwani nitakwenda. Sitabishana. Ila naomba mtu wa kubadilisha yale maua."

Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nikasingizia moshi ingawa jiko lilikuwa bado halijawashwa.

*

Saa nane na nusu. Nilisimama uani nikiwa na kitabu-kioo changu mkononi, fomu imefunguka.

Nikiandika kijani, Mama Tusajigwe ataniombea maisha marefu, na Mchungaji Mwakatobe atasoma mahubiri mawili kisha atazimika mbele ya watu wanaompenda. Nikiandika nyekundu, atatibiwa na watu wazuri wasiomjua, kando ya ziwa zuri asilolijua, na hatalala tena karibu na kaburi lile. Kifungu changu kitamwokoa na mahali pake. Nilikuwa nimekiandika nikiamini kwamba usharika ndio uliomuua baba yangu. Sasa niliwaza jambo ambalo sikuwahi kulipa nafasi: pengine hakuna aliyemuua. Pengine ni kwamba tu hakuna aliyekaa naye. Hata mimi sikukaa. Nilimwogopa, nikawa napita kimya kando ya kiti chake nikienda shule.

Niliwaita watu wa zamu. Wakaja wote saba, wakajipanga sebuleni kwa Mchungaji kama watoto wa kipaimara siku ya maswali: Mama Tusajigwe na ufagio wake, Lugano na kola, Mzee Ambokile mwenye hasira, Gwamaka fundi seremala anayenuka tumbaku, na watatu wengine. Mchungaji aliketi kwenye kiti chake akitazama mikono.

"Kwanza," nikasema, "aliyekiandika kifungu cha saba ni mimi."

Mama Tusajigwe akakohoa. "Basi mama unaye. Nisamehe."

"Nilikuwa na baba pia." Nikawaeleza habari za baba yangu, kwa kifupi, bila kuzipamba. Kisha nikasema lile lililonikera tangu chai ya asubuhi, na sikulilainisha. "Mmeibeba kola yake miezi mitano. Mmeilinda usiku na mchana, mmeifua, mmeacha matusi kwa ajili yake. Yeye mwenyewe mmemwacha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ninyi mmeficha maradhi ya mtu mwingine. Wiki ya msiba mlilala hapa?"

"Tulikuja," akasema Mzee Ambokile. "Siku ya tatu akatushukuru, akatubariki, akatuaga. Mchungaji akishakubariki, unaondoka. Ungekaaje?"

"Ningekaa," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Hawakujitetea. Gwamaka alianza kufuta macho kwa kofia yake. Na mimi, niliyekuja kuhukumu, nilijua kwamba kosa langu lilikuwa ndugu wa kosa lao. Wao walivaa rangi, mimi nilisoma rangi.

Nikajaza fomu hapo hapo, kwa sauti, wasikie. Rangi: nyekundu. Dosari: kola imevaliwa na waumini saba kwa kupokezana, kwa hiari yao. Mahali pa pumziko: Isangilo, nyumbani kwake na nyumbani kwao. Mtambo ukaniuliza jina la mtunzaji. Nikaandika majina saba. Ukakataa, ukasema unataka jina moja lenye cheti. Nikafuta, nikaandika langu. Ukanikumbusha kwa herufi za njano kwamba ninavunja kifungu cha saba. Nikabonyeza *Najua*.

Dakika kumi baadaye Baba Askofu akapiga. Nikatoka uani.

"Sekela, kifungu hiki ulinigombeza siku tatu mpaka nikakipitisha."

"Ndiyo, Baba Askofu. Nilikiandika nikimfikiria mtu mmoja. Nilisahau kwamba wengine si yeye."

"Na hawa saba? Waraka unasema aliyechezea kola asimamishwe huduma."

"Wasimamishe, Baba. Ila baada ya siku arobaini. Sasa hivi wana zamu. Atakula na kulala leo kwa huyu, kesho kwa yule, hatahubiri, hatazika, hatamuuliza mtu yeyote chochote. Nitabaki hapa kuwasimamia. Arobaini ya mkewe aliiongoza mwenyewe amesimama. Hii ataikaa."

Nikamsikia akihema.

"Siku arobaini," akasema mwishoni. "Nitamtuma mwinjilisti ashike ibada. Halafu nitakuja mwenyewe nimwone kwa macho. Usinitumie rangi."

"Asante, Baba Askofu."

"Na jambo lingine. Kola yangu ni njano tangu Pasaka."

Niliiona. Kila Jumatatu niliiona, nikaandika *aongezewe usingizi*, nikaweka sahihi.

"Baba," nikasema, "hujambo?"

"Tutaongea nikija," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunguliwa mlango.

*

Nilirudi ndani. Nikamwambia Lugano aivue kola, akaivua, akaipangusa kwa mtandio wake. Mchungaji alijitoa ule ukanda wa chupa ya sabuni, akauweka juu ya daftari la Subilaga. Kisha akainama kama wanavyoinama wanaowekewa mikono, na Lugano akamfunga kola yake shingoni baada ya miezi mitano.

Ilianza kijani, maana bado ilikuwa na joto la Lugano. Sote tukaitazama. Ikafifia. Ikaja njano, ikasitasita hapo, kisha ikawa nyekundu, nyekundu ya pilipili iliyoiva, ikamwangaza mpaka ndevuni.

Mkono wa Mama Tusajigwe ukainuka wenyewe, kwa mazoea, kwenda kuivua. Aliuona mwenyewe ukiwa njiani. Akaurudisha, akaukalia.

"Mchungaji," akasema, na nilisikia jinsi neno lilivyomwia zito. "Hujambo?"

"Sijambo, Mama Tusajigwe. Na wewe, mguu wako…"

"Sijaulizwa mimi. Umeulizwa wewe."

Mchungaji Mwakatobe alifungua kinywa. Alimtazama Mzee Ambokile, akamtazama Gwamaka, akatazama mlango kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kubariki watu waende. Hakuna aliyesimama. Lugano alikuwa ameshavuta kigoda akakaa karibu na magoti yake.

"Sijalala," akasema. "Jamani, tangu Subilaga aondoke, sijalala."

Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti ile ile kubwa tuliyoizoea mimbarani, na kina mama wakaanza wimbo wa msiba chini chini, ule wa siku ya kwanza, kana kwamba mwili wa Mama Mchungaji umeletwa nyumbani leo. Mzee Ambokile, siku moja kabla ya zamu yake, alienda jikoni akawasha moto, akaanza kuvikata upya viazi vilivyomenywa vibaya. Saa kumi ikapita bila mtu kuitazama.

Kola iliwaka nyekundu mpaka jioni, na hakuna aliyenyoosha mkono kuivua.